Moyo wa Kazi: Jinsi Unavyopotea na Jinsi Unavyorudi

Katika Kiswahili neno "moyo" si jina la kiungo kinachosukuma damu peke yake. Mtu hutiwa moyo, hupiga moyo konde, huvunjika moyo, na mwisho hukata tamaa. Semi hizi zinaonyesha kwamba wenye lugha walitambua tangu zamani kuwa nguvu ya kufanya kazi haikai katika misuli tu. Jambo ambalo sayansi imeliongeza, hasa tangu miaka ya 1960, ni maelezo ya jinsi nguvu hiyo inavyopotea na jinsi inavyoweza kurudishwa. Maelezo hayo yanamfaa mkulima, fundi, mwanafunzi na karani, kwa sababu yanapingana na imani iliyoenea kwamba mtu asiyejituma ni mvivu wa kuzaliwa.

Muhogo na siku ya kung'oa

Janga ni sehemu ya Wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani, karibu na Mlandizi. Huko, kama katika vijiji vingi vya ukanda huo hadi Kisarawe, muhogo ni chakula na pia ni fedha. Mkulima huupanda mvua zinapoanza, huupalilia mara mbili au tatu, kisha husubiri miezi tisa hadi kumi na miwili. Adui wake mkubwa ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao wataalamu wa kituo cha Amani, Tanga, waliueleza kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1930.

Ugonjwa huu una hila yake. Ugonjwa wa batobato hujitangaza mapema, kwa kuwa majani hujikunja na kuwa na mabaka. Michirizi ya kahawia, kinyume chake, huweza kuliacha shamba likipendeza macho. Hasara hugunduliwa siku ya kung'oa, mizizi inapokatwa na kukutwa na uozo mkavu ndani yake. Mkulima aliyepalilia kwa bidii na jirani yake aliyepalilia kwa kulegea huweza kupata hasara iliyo sawa.

Ikitokea hivyo misimu miwili mfululizo, si ajabu mkulima akapunguza palizi, akapanda mbegu yoyote anayoiokota, na akaacha kuhudhuria mafunzo ya bwana shamba. Wapita njia watasema amekuwa mvivu. Lakini kilichompata kina maelezo mengine.

Kutojiweza kunavyotokea

Mwaka 1967 wataalamu wawili wa saikolojia nchini Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa mbwa. Kundi moja lilipigwa na umeme wa kuumiza, lakini kila mbwa aliweza kuukatiza kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Kundi la pili lilipata umeme wa kiasi kile kile, lakini hakuna alichofanya mbwa kilichoukatiza. Baadaye wote waliwekwa katika sanduku ambalo ilitosha kuruka kizuizi kifupi ili kuokoka. Mbwa wa kundi la kwanza waliruka. Wengi wa kundi la pili walilala chini wakavumilia, ingawa njia ilikuwa wazi mbele yao.

Makundi yote mawili yalipata maumivu yaliyo sawa. Tofauti yao ilikuwa kwamba kundi moja lilipata uhusiano kati ya tendo na matokeo, na la pili halikuupata. Mwaka 2016 watafiti hao hao walirekebisha maelezo yao kwa kutumia elimu mpya ya ubongo. Walieleza kwamba kunyong'onyea ndiyo hali ya kawaida ya ubongo unaposhambuliwa na taabu ya muda mrefu, na kwamba kinachofunzwa ni kule kutambua kuwa tendo linaweza kubadili mambo. Kwa maneno mengine, matumaini ndiyo yanayohitaji kufundishwa, na mwalimu wake ni matokeo yanayoonekana.

Wataalamu hao walijaribu pia kuwaponya mbwa waliokata tamaa. Kilichosaidia ni kuwavuta kwa kamba mara nyingi hadi ng'ambo ya kizuizi, mpaka wakajionea wenyewe kwamba kuvuka kunaondoa maumivu.

Binadamu si mbwa, kwani ana lugha, kumbukumbu na majirani. Hata hivyo Albert Bandura, katika maandishi yake ya mwaka 1977, alifikia hitimisho linalokaribiana na hilo. Imani ya mtu kwamba ataweza kazi fulani hutoka katika vyanzo vinne: kufaulu kwake mwenyewe katika jambo kama hilo, kumwona mwenzake anayefanana naye akifaulu, maneno ya kutiwa moyo, na hali ya mwili wake. Chanzo chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Maneno matupu ni chanzo dhaifu, nayo hufutika upesi yasipothibitishwa na vitendo.

Mageuzi matatu ya fikra

Kutokana na elimu hiyo, mageuzi matatu ya fikra yanaweza kumsaidia mtu kurudisha moyo wa kazi. Kila moja lina faida kwa sababu humpeleka kwenye tendo linaloweza kuleta ushahidi.

La kwanza ni kutenga yaliyo mikononi mwa mtu na yasiyo mikononi mwake. Mkulima hawezi kuiamuru mvua, wala hawezi kuwazuia nzi weupe wanaosambaza ugonjwa kutoka shamba la jirani. Lakini anaweza kuchagua vipando kutoka kwa mashina ambayo mizizi yake imekutwa safi, kung'oa mimea yenye dalili mapema, na kupanda aina inayovumilia ugonjwa, kama Kiroba. Swali "Je, nitavuna?" halimpi la kufanya leo asubuhi. Swali "Vipando hivi vimetoka wapi?" linampa.

La pili ni kusoma kushindwa kama habari badala ya kukusoma kama hukumu. Anayesema "Sina bahati" amefunga uchunguzi. Anayeuliza ni mistari ipi iliyooza, mbegu yake ilitoka kwa nani, na muhogo ulikaa ardhini miezi mingapi, ameanza kufanya utafiti. Inafaa ajaribu katika eneo dogo: mistari miwili ya vipando vilivyochaguliwa, iliyowekewa alama, kando ya mistari ya mbegu ya kawaida. Siku ya kung'oa, mistari hiyo itamweleza jambo ambalo hotuba haiwezi kumweleza.

La tatu ni kuigeuza nia kuwa miadi. Watu wengi huamini kwamba wanachokosa ni nia, lakini mara nyingi nia wanayo. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwachunguza wakulima wa mahindi waliokwisha kujionea faida ya mbolea. Karibu wote walisema wataitumia msimu uliofuata, lakini waliofanya hivyo walizidi theluthi moja kwa kiasi kidogo tu. Watafiti walipowapelekea wakulima nafasi ya kuilipia mbolea mara baada ya mavuno, fedha zikiwa bado mkononi, na kuahidi kuifikisha bila malipo, matumizi yaliongezeka kwa karibu nusu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011. Wakulima hao hawakubadilishwa tabia. Kilichobadilishwa ni wakati wa kuamua.

Peter Gollwitzer alionyesha mwaka 1999 kwamba mtu anayetaja saa, mahali na tendo hutimiza mengi zaidi kuliko anayetaja lengo peke yake. Kwa hiyo "Nitapalilia wiki hii" ni nia. "Jumatatu, nikishakunywa uji, nitapalilia mistari minne iliyo upande wa mwembe" ni miadi. Mistari minne inamalizika, na kumalizika kwake ni ushahidi wa kwanza wa wiki.

Ushahidi kutoka Lomé na kutoka Tanzania

Je, fikra za namna hii hufundishika? Mjini Lomé, Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa katika makundi matatu. Moja lilifundishwa uwekaji hesabu na mambo mengine ya kawaida ya biashara. La pili lilifundishwa kujianzishia mambo, kupanga mbele na kushinda vikwazo. La tatu halikufundishwa kitu. Kwa mujibu wa taarifa iliyotolewa mwaka 2017, katika miaka miwili faida ya kundi la pili ilizidi ya wasiofundishwa kwa asilimia 30, wakati ya kundi la kwanza ilizidi kwa asilimia 11 tu.

Tanzania nayo ilikwisha kufanya jambo la aina hiyo kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vilivyosikiliza redio na kusoma kijitabu pamoja. Kikundi hakikuishia kusikiliza. Kilijadili, kisha kiliamua kazi ya kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi ya mbu. Kila aliyemwona jirani wa hali yake akichimba choo alipata chanzo cha pili cha Bandura, na alipochimba chake alipata cha kwanza.

Mipaka ya fikra

Lazima pia isemwe kwamba fikra njema haziozeshi wala haziponyi muhogo. Bei ikiwa mbaya, barabara ikikatika, au mbegu safi zikikosekana, kumwambia mkulima abadili mtazamo ni kumtwisha lawama isiyo yake. Jaribio la mwaka 1967 linafundisha jambo hili hasa: mbwa walinyong'onyea kwa sababu kweli hawakuwa na uwezo wa kubadili chochote. Penye kutojiweza kwa kweli, dawa ni kuleta uwezo, yaani vipando safi, soko na mtaalamu anayefika. Vilevile mtu ambaye kwa zaidi ya wiki mbili hana usingizi, hana hamu ya kula na haoni maana ya kuishi, huenda ana ugonjwa wa sonona. Huyo apelekwe kituo cha afya mapema, asiachiwe mawaidha.

Kwa hiyo, mwenye dhamana ya kuwahimiza watu, awe bwana shamba, mwalimu au mkuu wa kazi, anapomwona mtu amelegea, asianze kwa kumwita mvivu. Kwanza achunguze ni mara ngapi juhudi za mtu huyo zimekwenda bure, na kwa sababu gani. Kisha amsaidie kupata kazi ndogo ambayo matokeo yake yataonekana upesi. Haba na haba hujaza kibaba, na moyo wa kazi nao hujazwa hivyo hivyo.