Mgonjwa wa Kimya Anakuhitaji

Mama mpenzi, pengine siku moja utakaa karibu na kitanda cha mgonjwa wako hospitalini. Baba wa watoto ana malaria kali, ao nyanya ana homa ya mapafu. Jana alizungumza vizuri. Leo maneno yake hayashikamani. Watu wa jamaa wanasema: «Wamemloga», ao «Amekuwa wazimu.» Hapana. Akili iliyopotea gafula hivi, katika saa ao siku chache za ugonjwa mkali, inaonyesha kwamba ugonjwa wa mwili umegusa bongo.

Kuna aina tatu:

1. Ya fujo. Mgonjwa anapiga kelele, anataka kutoka kitandani, anang'oa serumu, anaona nyoka ao watu wasiokuwapo. Mtu aliyezoea kunywa kanyanga kila siku anaweza kuwa hivi siku mbili ao tatu kisha kuacha. Mwambie munganga ukweli, usione haya.

2. Ya kimya. Mgonjwa anasinzia tu, anajibu polepole, hataki chakula, anaangalia ukuta. Watu wanafurahi: «Afazali, sasa anapumzika.» Mama, usidanganyike! Aina hii inaonekana mara nyingi, na ni ya hatari kwa sababu hakuna anayeita munganga.

3. Ya kuchanganyika. Saa fulani kimya, saa nyingine fujo, zaidi sana usiku.

Namna gani utajua? Muombe ahesabu siku za juma kwa kurudi nyuma: posho, siku ya tano, siku ya ine... Kama zamani aliweza, na sasa anapotea katikati ao anasinzia, akili yake haishiki. Umuangalie asubuhi na magaribi, kwani hali hii inapanda na kushuka.

Ufanye nini?

– Ita muuguzi palepale, hata usiku. Sema: «Jana hakuwa hivi.» Wewe unamjua kuliko sisi. Atapima homa, pumzi na sukari ya damu. Malaria kali inaweza kushusha sukari mpaka mtu anasinzia, na hiyo inatibika ikijulikana upesi.
– Usimnyweshe uji ao dawa mtu anayesinzia. Vinaweza kuingia katika mapafu.
– Usimfunge kamba. Usimpe dawa ya usingizi iliyouzwa sokoni.
– Sema naye kwa sauti ya chini. Mwambie jina lako, mahali alipo, na siku ya leo. Kama ana miwani, mvalishe.
– Mchana fungua dirisha mwangaza uingie. Usiku punguza wageni na kelele, apate kulala.

Wagonjwa wengi wanarudiwa na akili ugonjwa ukitibiwa, ijapo wazee wanaweza kukawia majuma mengi. Usimcheke, usimgombeze.

Mama, kumbuka: mgonjwa anayepiga kelele anajiitia munganga mwenyewe. Yule wa kimya anangoja wewe umuitie.