Hodi ya Mchangishaji

Tulikuwa Kanduyi, katika kaunti ya Bungoma, kwa ajili ya ndoa ya jamaa yetu. Adhuhuri moja, wanaume wakiwa msikitini, alifika mlangoni kijana mwenye kanzu nyeupe na kitabu cha stakabadhi, akidai kuwachangishia mayatima wa madrasa fulani. Mwenyeji wetu, mama mjane auzaye vitambaa vya meza nyumba kwa nyumba, alimpa shilingi mia tano za mtaji wake. Tulipouliza baada ya alasiri, hapakuwa na aliyeijua madrasa hiyo.

“Sheikh,” akatwambia, “mimi nikitoka na vitambaa vyangu askari wa kaunti hunidai leseni. Huyu aliyekuja kwangu, nani alimdai?”

Swali hilo halikutupa usingizi. Jawabu ni kwamba naye alistahiki kudaiwa. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti mamlaka ya leseni za biashara, na ndiyo maana mchuuzi hulipa ada kwa kaunti. Mwenye kukusanya michango ya watu ana sheria yake mbali, Sura ya 106 ya Sheria za Kenya, nayo yataka awe na leseni ya kuchangisha. Leseni ya kuuza sufuria haimruhusu mtu kuchangisha. Na kanzu, tunasema haya nasi tumeivaa, si leseni ya lolote.

Wako akina mama waonao haya kuuliza, wakihofu kumkemea mwombaji, jambo tulilokatazwa katika Suratudh-Dhuha. Hofu hiyo ni njema, lakini tutenganishe. Aombaye kwa njaa yake mwenyewe, mpe sahani ya chakula wala usimhoji. Aombaye kwa jina la mayatima amebeba amana ya watu wasiokuwapo, na kumuuliza ni kuwalinda hao mayatima.

Tena, hata mwenye leseni hana haki ya kuingia. Suratun-Nur, aya ya 27 na 28, zimetufunza kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na kurudi tukiambiwa turudi. Kwetu pwani baraza ilitusaidia: mgeni hukomea hapo. Katika nyumba za kupanga za Kanduyi mlango wafunguka moja kwa moja chumbani, basi mazungumzo na yawe nje, mama akiwa peke yake hasa. Aitazame leseni na kitambulisho, ampigie simu imamu wa mtaa. Akitoa kwa simu, alitazame jina litokealo kabla hajathibitisha: ni la taasisi au la mtu binafsi? Na akitakiwa nakala ya kitambulisho chake, aulize ni ya nini, kwani Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yamlazimu mwenye kuichukua aeleze.

Siku ya tatu alibisha mchangishaji mwingine. Mama alimtandikia mkeka uani, akampa maji, kisha akamtaka leseni. Akasema ameisahau nyumbani. “Kaichukue, mwanangu, nakungoja,” mama akamjibu. Hata tulipopanda basi jioni ya siku ya pili yake kurejea Mombasa, alikuwa hajarudi.