Nyasi za Gofu Zinywe Maji ya Nani?

MSOMAJI, bila shaka umeyaona mabango hayo kando ya barabara kuu zitokazo Nairobi. Nyumba ya paa la vigae, baba amevaa kofia nyeupe, watoto wanacheka, na mbele yao nyasi za kijani kibichi hadi upeo wa macho. Unaalikwa uhamie mtaa wa gofu. Mitaa ya aina hii imechipuka Kiambu, Thika, Naivasha na hata Vipingo kule Kilifi, na baadhi yake imejengwa palipokuwa mashamba ya kahawa au ya mkonge.

Wapo wasemao kuwa gofu ni starehe ya matajiri, basi. Wapo nao wanaodhani kuwa kila penye kijani pana mazingira bora. Mimi naona kwamba pande zote mbili zinaliruka jambo lenyewe, na jambo lenyewe ni maji.

Hebu tupige hesabu pamoja. Uwanja wa mashimo 18 huchukua takriban hekta 50 hadi 60. Tuseme mwenye uwanja ananyunyizia hekta 30 tu. Wakati wa kiangazi, jua na upepo huweza kunyonya kiasi cha milimita 4 za maji kwa siku kutoka kwenye nyasi. Milimita moja ya maji juu ya mita mraba moja ni lita moja. Hekta ina mita mraba 10,000. Kwa hivyo kila hekta yataka lita 40,000 kwa siku, na hekta 30 zataka lita milioni 1.2. Kwa lugha ya jikoni, hiyo ni mitungi 60,000 ya lita 20, kila siku, hadi mvua inyeshe.

Sasa kumbuka mji tunaoishi. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a. Bwawa hilo liliposhuka kwa ukame, mgao wa maji ulianza jijini Januari 2017, na kuna familia ambazo zimezoea kuamka saa tisa za usiku kukinga maji kabla mfereji haujakauka.

Wenye mitaa ya gofu watakujibu kuwa wao hawagusi maji ya jiji, wana visima vyao. Jibu hilo lina upungufu. Maji ya chini ya ardhi hayajui ua wala lango la mlinzi. Chini ya Nairobi na viunga vyake kiwango cha maji hayo kimekuwa kikishuka kwa miongo kadhaa kwa sababu visima ni vingi na kila mmoja anavuta. Pampu kubwa ikivuta usiku kucha upande mmoja wa ua, mkulima wa upande wa pili mwenye kisima kifupi ndiye atakayekuta ndoo inarudi na tope.

Je, uwanja wa gofu ufungwe? La. Dawa ipo ndani ya mtaa wenyewe. Tuseme mtaa una nyumba 500, kila nyumba watu watano, kila mtu lita 100 kwa siku. Hizo ni lita 250,000. Tunazozinywa ni kidogo. Nyingi hupita bafuni, jikoni na chooni zikaenda zake. Tukikadiria kuwa lita 200,000 zinafika kwenye mabomba ya majitaka, zikisafishwa vyema zinatosha kunywesha hekta tano za nyasi. Kumbuka kwamba pale penye shimo na bendera, pamoja na pale mchezaji anapoanzia kupiga, kwa mashimo yote 18 huwa ni hekta mbili au tatu tu. Hizo ndizo nyasi zisizovumilia kiu. Maji ya nyumba yanazitosha na mengine yanabaki.

Na zile hekta nyingine? Ziache ziwe kahawia kiangazi. Nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na ndizo zilizojaa katika nyua zetu nyingi, hukauka juu, mizizi ikabaki hai, na mvua ya kwanza ikazifufua. (Nyasi hizi hizi zilipelekwa Marekani, na leo ndizo zilizotanda katika uwanja mashuhuri wa Riviera mjini Los Angeles. Wenzetu wanazienzi, sisi twaona haya zikibadilika rangi Februari.) Pembezoni, ambako mpira haustahili kufika, pangepandwa miti na vichaka vya kienyeji visivyohitaji mpira wa maji wala mashine ya kukata.

Maji ya mara ya pili si ndoto ya wasomi. Mji wa St. Petersburg katika jimbo la Florida ulianza mwaka wa 1977 kupeleka maji taka yaliyosafishwa kwenye viwanja vya gofu na bustani za watu kwa mabomba ya pekee. Huko Marekani mabomba kama hayo hupakwa rangi ya zambarau ili mtu asije akayanywa kwa makosa. Hapa kwetu, mkahawa maarufu wa nyama choma kando ya barabara ya Langata ulitengenezewa mwaka wa 1994 bwawa la matete na mimea mingine ya majini lililosafisha maji yake machafu, na ndege wakahamia hapo wenyewe.

Tahadhari moja kwa wenye watoto. Maji haya yanyunyizwe usiku, na pawe na vibao vinavyosomeka.

Kuhusu dawa na mbolea nitasema machache. Mwaka wa 1984 bata bukini wapatao 700 walikufa katika uwanja mmoja wa gofu huko Long Island, New York, baada ya kula nyasi zilizonyunyiziwa dawa ya wadudu iitwayo diazinoni. Baadaye serikali ya Marekani ikaipiga marufuku katika viwanja vya gofu. Mbolea nayo ikisombwa na mvua hadi bwawani hulisha gugumaji badala ya nyasi.

Kwa hivyo ukienda kutazama nyumba Jumapili, usishikwe na vigae. Muulize muuzaji: nyasi hizi zinanyweshwa maji gani? Kisima kina kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kinaruhusiwa kuvuta kiasi gani kwa siku? Majitaka yanakwenda wapi? Akikuonyesha bustani badala ya kukujibu, umejibiwa.

Na kama wewe ni jirani tu, si mnunuzi, huna haja ya kusubiri kisima chako kikauke. Mradi mkubwa kama huu lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya NEMA kuupa leseni, na wananchi hualikwa kutoa maoni kwa tangazo la gazetini. Watu wengi hulipita tangazo hilo wakitafuta habari za michezo. Lisome, kaombe kuiona ripoti, tafuta ukurasa wa maji, kisha uandike. Barua ya mwenye kisima jirani, yenye kina cha kisima hicho na idadi ya watu wanaokitegemea, ni ngumu kuipuuza.