Uso Uliopooza Haukupigwa na Upepo

Swali huja na jibu lake ndani: "Daktari, upepo ulionipiga usoni unatolewa kwa dawa gani?" Anayeuliza ameamka mdomo umevutwa upande mmoja, jicho la upande wa pili halifumbi, na maji anayokunywa yanamchuruzika kidevuni. Akikumbuka kwamba alilala feni imewashwa, au alisafiri kando ya dirisha la basi, anaona sababu imepatikana na kilichobaki ni kutafuta mtu wa kuutoa huo upepo. Swali hili lina gharama, kwa maana linakula saa 72 za mwanzo, na hizo ndizo saa ambazo tiba yenye ushahidi inapaswa kuanza.

Upepo hugusa ngozi, na hapa ngozi haina kosa. Mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso hutoka kwenye ubongo ukapita ndani ya mfupa, karibu na sikio, katika njia nyembamba sana. Ukivimba humo hauna pa kutanukia; hubanwa, damu inayoulisha hupungua, na misuli hukosa amri. Kinachoshukiwa zaidi kuuvimbisha ni virusi vya hepesi, vilevile vinavyoleta malengelenge midomoni, ambavyo hujificha mwilini kwa miaka kisha huamka. Mwaka 1996 watafiti wa Japani walipima majimaji ya mshipa huo kwa wagonjwa 14 wakakuta alama za virusi hivyo kwa 11. Wapo pia wanaopooza kwa virusi vya tetekuwanga na mkanda wa jeshi, kwa maambukizi ya sikio au kwa VVU. Kisukari na miezi ya mwisho ya ujauzito huongeza hatari. "Lakini nililala mzima, nikaamka hivi!" Ndiyo, kwa sababu ugonjwa huu hukua kwa saa chache hadi siku tatu, na anayelala unapoanza huukuta kwenye kioo asubuhi. Feni za Dar es Salaam na Mombasa huzunguka usiku kucha juu ya watu wasiohesabika, ilhali ugonjwa huu huwapata watu kama 20 hadi 30 kwa kila 100,000 kwa mwaka.

Hoja inayobaki ni ushuhuda: fulani alichanjwa chale, au aliumikwa, au alipigwa vibao upande uliopinda, akapona. Sina sababu ya kukataa kwamba alipona. Huko Denmark, wagonjwa 1,701 wa aina hii walifuatiliwa bila kupewa dawa yoyote, na asilimia 71 walirudi kuwa wazima kabisa; wengi wao walianza kupata nafuu ndani ya wiki tatu. Maana yake ni kwamba lolote utakalowafanyia wagonjwa kumi, hata lisilo na faida, takriban saba watapona na kulisifu. Mganga anavuna shamba ambalo hakulilima, na wale watatu waliobaki na uso uliopinda hawaitwi kutoa ushuhuda. Wakati huohuo wembe wa chale huweza kupitisha maambukizi, na majani yanayokamuliwa kwenye jicho lisilofumba huweza kulipofusha. Msomaji makini atauliza: kama saba hupona wenyewe, dawa za hospitali ni za nini? Ni za wale watatu, ambao siku ya kwanza hakuna anayeweza kuwatambua. Jaribio la Uskoti lililochapishwa mwaka 2007, lenye wagonjwa 551 walioanza tiba ndani ya saa 72, lilionyesha kwamba baada ya miezi tisa asilimia 94 ya waliopewa prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, walikuwa wamepona, dhidi ya asilimia 82 ya wasiopewa. Chale hazijawahi kupita mtihani wa namna hiyo.

Basi fanya hivi. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Ikiwa bado unaweza kukunja paji la uso pande zote mbili, au mkono au mguu umelegea, au maneno hayapangiki, ni dharura: huenda ni kiharusi. Kama si kiharusi, uliza kuhusu prednisoloni, ambayo kwa mtu mzima mara nyingi ni miligramu 50 kwa siku kwa siku 10. Mtajie daktari kisukari, shinikizo la damu, vidonda vya tumbo au ujauzito. Asikloviri, dawa ya virusi, peke yake haitoshi. Huongezwa hali ikiwa mbaya au vipele vikitokea sikioni. Pima VVU na sukari. Linda jicho: matone ya kulainisha mchana, marhamu usiku, kope zifungwe kwa plasta laini. Jicho likiuma au likiwa jekundu, rudi mara moja. Wiki tatu zikipita bila nafuu, rudi. Miezi mitatu bila kupona, omba rufaa kwa bingwa. Na wazee wakitaka dua isomwe, isomwe, ila isomwe mgonjwa akiwa njiani kwenda hospitali.