Andazi la Tufaha: Kukaanga au Kuoka?

Huko Marekani hupikwa andazi lenye vipande vya tufaha, ambalo hukaangwa katika mafuta yenye joto la nyuzi 180 hivi za sentigredi. Je, mafuta huingia lini? Si sana wakati wa kuchemka, kwani mvuke utokao huyazuia. Andazi liopolewapo na kupoa, mvuke uliobaki hugeuka maji, kanieneo hupungua vitunduni, nayo mafuta ya juu hufyonzwa. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9. Ya wanga, 4 tu.

Tanurini hakuna cha kufyonzwa. Lakini hewa hupitisha joto polepole kuliko mafuta, hivyo unyevu wa tufaha hulizuia ganda lisikauke wala kugeuka kahawia. Vipande na vipashwe sufuriani kwanza, maji yapungue. Sukari ya kupaka juu, hata hivyo, tanuri haiipunguzi.