Regyuleta ya petroli kwenye injini ya turbo: pima kabla ya kununua

Mwenye Subaru ya turbo jijini Nairobi, iwe Impreza WRX au Forester iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imetumika, hachelewi kuambiwa kwamba gari lake linahitaji regyuleta mpya ya mafuta. Mapenzi ya mji huu kwa magari hayo ni ya siku nyingi. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akafanya hivyo tena mwaka 2000. Kizazi kizima kilikua kikiiga mngurumo ule. Regyuleta inayouzwa kwa wapenzi hawa inapendeza macho: kipande cha alumini chekundu au cha buluu, geji ndogo ubavuni, skrubu kichwani. Huuzwa pamoja na ahadi kwamba ukikaza skrubu ile, gari litapata nguvu.

Ahadi hiyo ni ya uongo, na mwisho wake huwa ni pistoni iliyovunjika. Lakini yapo magari ambayo bila kifaa hicho hayawezi kwenda sawasawa. Ili ujue gari lako liko upande upi, inabidi kuelewa regyuleta hufanya kazi gani, nayo ni kazi moja tu.

Pampu iliyo ndani ya tangi husukuma petroli muda wote hadi kwenye reli, yaani lile bomba fupi linalozilisha nozeli. Kompyuta ya injini haipimi petroli inayotoka. Inachofanya ni kufungua nozeli kwa milisekunde chache na kuifunga, ikichukulia kwamba katika muda huo kimetoka kiasi fulani. Hesabu hiyo inakuwa ya kweli kwa sharti moja: tofauti ya presha kati ya petroli iliyo nyuma ya nozeli na hewa iliyo mbele yake, ndani ya manifoldi, isibadilike. Kwenye injini za turbo za Subaru za aina ya EJ20, tofauti hiyo ni takriban bar 3, au psi 43 na ushei.

Shida ni kwamba hewa ya manifoldi haitulii. Injini ikiwa sailensi, inanguruma bila kukanyagwa, mle ndani kuna vakyumu, na vakyumu huivuta petroli itoke zaidi ya ilivyokusudiwa. Turbo ikishika, mambo yanageuka: hewa inajazana kwa presha ya bar 1 juu ya hewa ya nje na kuizuia petroli isitoke. Fikiria mlango unaosukumwa na watu kutoka pande zote mbili. Wa nje akiongeza nguvu na wa ndani asiongeze, mlango utarudi nyuma.

Regyuleta ndiyo inayomwongezea nguvu mtu wa ndani, kwa kipimo kilekile. Ukiipasua utakuta kiwambo cha mpira kikigawa sehemu mbili. Chini yake kuna petroli. Juu yake kuna springi, na pia hewa ya manifoldi inayoletwa na kimpira chembamba. Petroli ikiishinda springi pamoja na hewa hiyo, kiwambo huinuka, tundu hufunguka, na ziada hurudi tangini. Kwa hiyo turbo ikiongeza bar 1 juu ya kiwambo, petroli nayo hupanda bar 1, kutoka 3 hadi 4. Vakyumu ikirudi, huipunguzia springi nguvu na presha hushuka. Geji inacheza juu na chini, lakini tofauti kwenye ncha ya nozeli inabaki bar 3 ileile.

Kile kimpira chembamba ndicho roho ya mfumo wote, na ndicho mafundi wengi hukidharau. Tuseme kimechomoka, au kimepasuka kwa joto, na dereva amekanyaga hadi mwisho. Petroli imebaki kwenye bar 3 huku hewa ikiwa bar 1 mbele yake, hivyo tofauti iliyobaki ni bar 2. Petroli inayopita kwenye nozeli hufuata kipeuo cha pili cha tofauti hiyo ya presha, na ukipiga hesabu utaona kwamba asilimia 18 ya mafuta imetoweka, tena wakati injini inayahitaji kuliko wakati wowote. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto linapanda ndani ya silinda, petroli inalipuka kabla ya zamu yake, injini inaanza kugonga. Injini za turbo za Subaru zinajulikana kwa udhaifu mmoja: vile vikingo vyembamba vya pistoni vilivyo kati ya mifereji ya ringi huvunjika zinapogonga. Kikivunjika kimoja, injini inashushwa.

Sasa skrubu. Kuikaza ni kuibana springi, yaani kupandisha presha ya msingi. Mwenye gari anaona nozeli zake ni ndogo, anaambiwa apandishe presha kutoka bar 3 hadi 4, mafuta yataongezeka. Yataongezeka kweli, lakini hesabu ya kipeuo cha pili hairuhusu mengi. Nozeli inayotoa cc 440 kwa dakika kwenye bar 3 itatoa karibu cc 508 kwenye bar 4. Umepandisha presha kwa theluthi moja ukapata asilimia 15 ya mafuta. Na gharama yake iko kwenye pampu: ikiwa msingi ni bar 4 na turbo inaongeza 1, pampu inapaswa kusukuma dhidi ya bar 5, na pampu za petroli hutoa kidogo kadiri presha inavyopanda. Unaweza kuongeza presha na ukaishia na petroli pungufu kwenye mwendo mkubwa. Mwenye nozeli ndogo anunue nozeli kubwa. Sioni sababu ya kuzunguka jambo hili.

Sababu halali ya kubadilisha regyuleta huanzia kwenye pampu. Pampu ya lita 255 kwa saa hupendwa sana na watu wanaoongeza nguvu, kwa sababu ni ya bei nafuu na huingia kwenye nafasi ya pampu ya zamani bila taabu. Lakini injini ya cc 2000 ikiwa sailensi hunywa takriban lita moja tu kwa saa. Zilizobaki, lita zaidi ya 200, lazima zipite kwenye tundu la regyuleta na kurudi tangini. Tundu la regyuleta ya kiwandani lilipimwa kwa pampu ndogo. Likishindwa kupitisha mzigo huo, presha inapanda yenyewe, inasimama kwenye 3.5 au hata zaidi, na hakuna springi itakayoishusha. Injini inazidiwa mafuta kwenye mwendo mdogo, plagi zinakuwa nyeusi, na kompyuta inahangaika kupunguza. Hapo ndipo regyuleta yenye tundu pana inapohitajika.

Hata hivyo si kila pampu kubwa huleta shida hiyo. Subaru nyingi za miaka ya 2000 zina kidhibiti kinachopunguza kasi ya pampu wakati injini haihitaji mafuta mengi, na kikiachwa kifanye kazi yake, regyuleta ya kiwandani inaweza kumudu. Ndiyo maana nasisitiza kupima kwanza. Funga geji ya muda kwenye njia ya petroli kabla ya reli, washa injini, chomoa kimpira cha vakyumu na ukizibe, kisha soma. Ukikuta bar 3 au karibu nayo, ununuzi huo hauhitajiki, peleka pesa kwenye tyuni. Ukikuta imezidi kwa mbali, kabla ya kuilaumu regyuleta fuata bomba la kurudi hadi tangini. Mpira uliokunjika au kubanwa na klipu mahali fulani hutoa dalili zilezile.

Tuseme umepima na kifaa kinahitajika. Kazi ifanyike injini ikiwa imepoa, nje au mahali penye hewa, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono. Chomoa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini iungurume hadi izime yenyewe, ndipo utoe waya wa hasi wa betri. Hata baada ya hapo petroli kidogo itabaki, kwa hiyo kiunganishi cha kwanza kifunguliwe polepole kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa.

Mahali pa kuifunga panataka fikra. Kwenye Subaru hizi turbo imekaa nyuma upande wa kulia wa injini, na kwenye magari yetu ya usukani wa kulia huo ndio upande wa dereva. Regyuleta iende upande wa pili, ishikwe na bodi la gari na si na injini inayotikisika, mbali na paipu za moshi. Regyuleta ya kiwandani, iliyo chini ya manifoldi ya hewa, iondolewe kabisa na mahali pake pawekwe kiunganishi kitupu. Ikiachwa humo, regyuleta mbili zitashindana kwenye bomba moja na ile mpya haitaweza kurekebishwa.

Kwenye aina nyingi matundu ya ubavuni hupokea petroli kutoka reli, na la chini huirudisha tangini. Michoro ya mtengenezaji ifuatwe, maana ukigeuza hakuna kitakachofanya kazi. Mipira iwe ya gari la nozeli, iliyochapishwa SAE 30R9 ubavuni. Ule wa kabureta unafanana nao dukani, lakini haukutengenezwa kwa presha hii. Klampu ziwe zile za kingo laini zisizoukata mpira. Na ile tepu nyeupe ya mafundi bomba isikaribie kazi hii: nyuzinyuzi zake hukatika, husafiri na petroli na kuziba nozeli. Nyuzi zilizosinyaa kuelekea ncha zinahitaji gundi inayovumilia petroli, na viunganishi vinavyobana chuma kwa chuma havihitaji kitu.

Kimpira cha vakyumu kichukue hewa kwenye manifoldi yenyewe, baada ya throto, na kisigawane njia na kifaa kingine chochote. Kila ncha ifungwe. Geji iliyo juu ya regyuleta ni ya kurekebishia tu, kwa kuwa joto la boneti huifanya isome vibaya. Anayetaka kuona presha akiwa anaendesha atumie sensa ya umeme. Kuvuta bomba la petroli hadi kwenye dashibodi ni kuleta moto ndani ya gari.

Sasa kurekebisha, na hapa mtu wa Nairobi hupotoshwa na maelekezo ya watu wa kando ya bahari. Maelekezo hayo husema: chomoa kimpira, weka bar 3, rudisha kimpira, na geji ishuke hadi karibu 2.35. Mombasa au Dar es Salaam ndivyo itakavyokuwa. Lakini Nairobi iko juu ya mita 1,700 hivi, na hewa yake ina presha ya takriban bar 0.83 badala ya 1.01 ya pwani. Injini ikiwa sailensi inahitaji hewa ileile popote ilipo, kwa hiyo vakyumu inayosomeka huku juu ni ndogo zaidi, na geji itashuka hadi karibu 2.5 tu. Hilo si kosa. Fundi akilegeza skrubu ili apate ile 2.35 aliyoisoma, ameondoa karibu bar 0.2 kwenye msingi na asilimia 3 hivi ya mafuta kwenye kila mwendo, bila mwenyewe kujua. Namba ya kuamini ni ile inayosomwa kimpira kikiwa kimechomolewa. Hiyo haibadiliki ukishuka Mtito Andei hadi baharini, kwa sababu springi haijali uko juu kiasi gani. Ukiipata, kaza nati ya kufunga na uangalie kama haikusogea.

Gari lisikanyagwe siku hiyohiyo. Kwenye mwendo wa kawaida kompyuta hujisahihisha kwa kusoma sensa ya oksijeni, hivyo kosa dogo la presha hufichika. Turbo ikijaa, kompyuta hiyo hufuata jedwali lake bila kuuliza sensa, na kosa lililokuwa limefichika hutokea lote kwa mara moja. Kwa hiyo tyuni ifanywe kwa kipimo cha hewa na mafuta kinachosoma upana wote; kwenye presha kamili mafundi wa injini hizi hulenga sehemu 11 hadi 11.5 za hewa kwa moja ya petroli. Presha ya petroli irekodiwe sambamba. Ikiwa turbo imeongeza bar 1 na petroli imeongeza 0.7, tatizo ni pampu au filta, na skrubu isiguswe.

Yote haya hayahusu Forester XT za kizazi kilichoanza mwishoni mwa 2012. Injini zao hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa pampu ya pili inayopita bar 100, na regyuleta ya alumini ya dukani haina nafasi humo.

Baada ya wiki moja fungua boneti, pitisha kidole kikavu chini ya kila kiunganishi, kisha chomoa kile kimpira chembamba upande wa regyuleta na ukinuse. Kikinuka petroli au kikiwa kimelowa ndani, kiwambo kimepasuka, na petroli inanyonywa moja kwa moja hadi kwenye manifoldi bila kupita kwenye nozeli. Zima gari, na lisiwashwe tena hadi kiwambo kibadilishwe.