Namba ya kupokelea malipo ni amana

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyefanya biashara kwa mali ya Bibi Khadija (R.A.) na akajulikana kwa jina la al-Amin, yaani mwaminifu.

Ndugu Waislamu, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, fedha zimehama kutoka droo ya duka na kuingia katika simu. Leo muuza nazi na mwenye duka la jumla huulizwa swali lile lile: "Nilipe kwa namba gani?" Jawabu lake lina hukumu ndani yake.

Kwanza, fedha inaingia kwa jina la nani? Wengi hupokea mauzo kwa laini zao binafsi. Ada ya watoto, fedha ya mshirika na mauzo ya siku vyote huchanganyika. Mwaka ukitimia, Zaka ya biashara itahesabiwa vipi? Na mauti yakifika, warithi watatenganisha vipi mali ya marehemu na ya mshirika wake, ilhali deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa? Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imehusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Namba ya biashara, iwe Lipa Namba kwa Tanzania au Till kwa Kenya, husaidia kutimiza lengo hilo, kwani hutenga fedha za duka na kuweka kumbukumbu ya kila malipo. Washirika na waandikiane nani ana mamlaka ya kutoa fedha.

Pili, makato. Njia hazilingani: ipo anayokatwa mteja, na ipo anayokatwa mwenye duka. Kabla ya kuchagua, uliza: nikipokea nakatwa kiasi gani? Nikitoa kwa wakala au kuhamishia benki? Fedha itanifikia lini? Muuza maandazi mwenye faida ndogo aweza kuimaliza kwa makato. Ama kamisheni ya mashine ya kadi, viwango vya AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, vimeiruhusu. Lililokatazwa ni kumficha mteja; aambiwe bei kamili kabla ya kununua.

Tatu, riba. Baadhi ya huduma hizi huambatana na mkopo kwa kadiri ya mauzo yako. Kupokea malipo si kukopa. Soma masharti, ukiona nyongeza juu ya deni, acha mkopo, baki na namba.

Nne, uthibitisho. Ujumbe katika simu ya mteja si ushahidi, kwani hughushiwa; tazama simu ya duka. Kijana wa dukani awezeshwe kuona malipo bila kupewa namba ya siri. Na fedha iliyoingia kwa makosa si riziki. Ni mali ya mwenyewe, irejeshwe kupitia mtoa huduma.

Basi ndugu yangu, kabla ya kubandika namba mlangoni, keti na mshirika wako na watu wa nyumbani kwako. Wajue namba ni ya nani na kilichomo ni cha nani, ili siku usipokuwepo, pasidhulumiwe yatima wala mshirika.

Wabillahi tawfiq.